Kujifunza kwa Mbali: Chama Kibaki na Nini Mkononi?



Tangu mwaka uliopita kamati ya chama chetu imekuwa ikijadili jambo moja bila kulimaliza. Je, mafunzo ya viongozi wa vikundi yaendelee kufanyika kwa kukutana, ambapo anayetoka parokia ya mbali hutumia siku mbili njiani, au yahamie kwenye intaneti? Wengi wetu tumekubali yahamie, walau kwa sehemu. Kisha ukaja mkataba. Kampuni moja imejitolea kutuandalia kila kitu: masomo, mitihani, vyeti, hata daftari la wanachama. Kwa kuwa nilisomea ualimu na nimewafundisha walimu kwa miaka mingi, niliombwa niusome na kutoa maoni. Ni kurasa 11. Niliusoma mara mbili, kisha nikauweka kando na kurudi kwenye historia, kwa maana niliona kwamba wengine wamekwisha kuyapitia haya kabla yetu.

Vyama vya watu waliojiunga kwa hiari vilianza kufundisha wanachama wao kwa mbali kabla redio haijakuwapo. Tena tangu siku ya kwanza vilihitaji wafanyabiashara: mchapaji wa vitabu, mwenye gazeti, mwenye ukumbi. Chama nitakachowasimulia kwa urefu kilizaliwa Marekani, miongoni mwa Wamethodisti, lakini haja iliyokizaa tunaijua vizuri hata sisi.

Mwaka 1874 mchungaji John Heyl Vincent na Lewis Miller, mwenye kiwanda katika mji wa Akron aliyebuni mashine za kuvunia, waliwakusanya walimu wa shule za Jumapili kando ya ziwa Chautauqua, magharibi ya jimbo la New York. Walimu hao walikuwa watu wa namna ya makatekista wetu: wakulima, wenye maduka, mama wa nyumbani, waliofundisha watoto imani bila wao wenyewe kufundishwa namna ya kufundisha. Vincent hakutaka mkutano wa kelele na machozi kama ile iliyozoeleka misituni wakati ule. Alitaka shule. Chini ya miti ile watu walijifunza ramani ya nchi za Biblia, namna ya kuuliza swali, namna ya kupanga somo.

Tatizo likajitokeza upesi, nalo ndilo tatizo letu. Mkutano ulikuwa wa majuma machache wakati wa kiangazi, na mwaka una majuma 52. Mwalimu alirudi kijijini mwake akiwa na moto, na kufikia mwezi wa kumi na mbili moto umekwisha. Vincent mwenyewe hakubahatika kusoma chuo kikuu, na pengo hilo lilimsumbua maisha yake yote. Basi tarehe 10 Agosti 1878 alitangaza jambo jipya: Duara la Fasihi na Sayansi la Chautauqua. Yeyote angeweza kujiunga kwa senti 50 za dola kwa mwaka. Angepewa orodha ya vitabu vya historia, fasihi, sayansi na dini. Angesoma nyumbani kwake kama dakika 40 kila siku. Angejaza karatasi za maswali na kuzituma kwa posta. Na baada ya miaka minne angepokea cheti. Mwaka ule wa kwanza walijiandikisha watu zaidi ya 8,000. Vincent hakutegemea hesabu kama hiyo.

Angalieni sasa jinsi kazi ilivyogawanywa. Vitabu vilichaguliwa na baraza la washauri wa Duara wenyewe. Ofisi ya kuandikisha wanachama na kujibu barua ilikabidhiwa kwa msichana wa miaka 18, Kate Kimball, ambaye aliishika kazi hiyo tangu 1878 hadi alipofariki mwaka 1917. Nawaomba wasichana wanaosoma ukurasa huu walikumbuke jina hilo. Vincent ndiye aliyehubiri na kusifiwa, lakini aliyejua nani amejiunga, nani amekwama mwaka wa pili na nani anastahili cheti alikuwa Kate Kimball. Daftari la wanachama lilikaa ofisini mwa chama kwa miaka karibu 40, mikononi mwa mtu mmoja aliyeyajali majina yaliyomo.

Wafanyabiashara nao walikuwapo. Mwaka 1880 lilianza gazeti la The Chautauquan, likichapwa katika mji wa Meadville, Pennsylvania, chini ya Theodore Flood, aliyeliongoza hadi 1899. Sehemu ya masomo yaliyolazimika kusomwa ilitoka humo. Flood alikuwa mtu wa biashara, naye alitafuta faida kama mwenye gazeti yeyote. Sioni kosa katika hilo. Alikuwa na mitambo, karatasi na ujuzi wa kusambaza ambao mchungaji hakuwa nao. Katika ofisi yake alifanya kazi pia Ida Tarbell, ambaye baadaye alijulikana nchi nzima kwa kuichunguza kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Kazi yake pale Meadville ilikuwa pamoja na kuandaa maelezo ya pembeni kwa wasomaji wasio na kamusi wala mwalimu: neno hili la kigeni lina maana gani, jina hili linatamkwaje. Mtu aliyewahi kufundisha atatambua mara moja uzito wa kazi hiyo ndogo. Mwanafunzi aliye peke yake kijijini haachi masomo kwa sababu ya uvivu. Huacha kwa sababu amekutana na neno asilolijua, na hakuna wa kumuuliza.

Hata hivyo nguvu ya Duara haikukaa katika gazeti. Ilikaa sebuleni. Wanachama wa mji mmoja walikutana mara kwa mara, watu watano, kumi, ishirini, wakasoma kwa sauti na kubishana. Vikundi hivyo vilienea kwa maelfu, na vingi vilikuwa katika miji midogo na vijiji ambako hapakuwa na maktaba. Kulikuwa na kikundi hata katika gereza la Stillwater, Minnesota. Wanawake waliofungiwa milango ya vyuo vikuu walikuwa wengi sana miongoni mwao. Hakuna aliyetoka makao makuu kuja kuviongoza. Kila kikundi kilijichagulia mwenyekiti na katibu. Yaani walisoma kwa mbali, lakini hawakusoma kila mtu peke yake.

Sasa nije kwenye upande wa pili wa habari, ambao ndio ulionifanya nichukue kalamu. Vincent na Miller hawakulizungushia ua jina la Chautauqua. Miji mingine ilianzisha mikutano yao kando ya maziwa yao na kuiita kwa jina hilohilo, na kwa miaka mingi jambo hilo halikuleta madhara. Lakini mwaka 1904 Keith Vawter, mtu wa shirika la Redpath lililokuwa likikodisha wasemaji na wanamuziki, alipata wazo la kibiashara. Kwa nini kila mji utafute wasemaji wake kwa taabu? Yeye angeandaa kila kitu: hema, viti, wasemaji, waimbaji, matangazo. Kundi zima lingezunguka kutoka mji hadi mji kwa garimoshi, siku baada ya siku, kiangazi chote. Mwaka wa kwanza alipata hasara. Alijaribu tena mwaka 1907 akiwa ameboresha mpango wa safari, na safari hii akafaulu. Wengine wakamwiga. Hema zilitengenezwa kwa turubai la rangi ya kahawia ili watu wasidhani ni sarakasi, ambayo hema zake zilikuwa nyeupe.

Mpango wa fedha ndio wa kuangaliwa. Wenyeji wa mji, wenye maduka, daktari, mchungaji, mwalimu mkuu, walitia sahihi mkataba wa dhamana. Waliahidi kwamba tiketi zitauzwa hadi kiasi fulani cha fedha, na zisipofikia kiasi hicho watalipa wao kutoka mifukoni mwao. Kampuni ilibeba hatari ndogo. Mji ulibeba kubwa. Zaidi ya hayo, mkataba wa mwaka unaofuata uliletwa kabla hema halijang'olewa, siku za mwisho za juma, wakati watu bado wana machozi ya furaha kwa muziki waliousikia jana yake. Nani angekataa mbele ya jirani zake? Waliotia sahihi kwa furaha mwezi wa saba walijuta mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, mvua iliponyesha au mavuno yalipoharibika na tiketi zisiuzike.

Sitaki kuwaonea watu wale. Hema zilileta mambo mazuri. Mkulima wa Nebraska aliyekuwa hajasikia fidla ikipigwa vizuri aliisikia. Wasemaji wakubwa kama William Jennings Bryan walisimama mbele ya watu ambao wasingewaona kamwe. Mwaka 1924, ulipoadhimishwa mwaka wa 50 tangu mkutano ule wa kwanza wa ziwani, hema zilikuwa zikifika katika maelfu ya miji. Lakini miaka michache tu baadaye yote yalikuwa yamekwisha. Redio iliingia majumbani, sinema ikaja, motokaa ikawapeleka watu mbali na mji wao jioni, na wadhamini wakachoka kulipa. Ulipokuja umaskini mkubwa wa baada ya 1929 mabaki yakafagiliwa. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 makampuni ya hema yalikuwa yamefungwa.

Na mji ulibaki na nini? Ulibaki na uwanja wenye mashimo ya vigingi. Hapakuwa na kikundi, kwa sababu watu walikuwa wamezoea kukaa kwenye viti na kutazama. Hapakuwa na daftari, kwa sababu mnunuzi wa tiketi haandikwi popote. Hapakuwa na mtu aliyejua kupanga mafundisho ya juma zima, kwa sababu kwa miaka 20 mpango ulikuja tayari kutoka Chicago. Waliokuwa wanachama walikuwa wamegeuka wateja bila mtu yeyote kuwatangazia siku ya kugeuka kwao.

Makao ya kwanza, yale ya kando ya ziwa, nayo yalianguka katika madeni na mwaka 1933 yakawekwa chini ya msimamizi wa mahakama. Tofauti ni kwamba pale palikuwa na watu waliohesabu mahali pale kuwa pao. Walichanga, wakaomba, wakakopa, na mwaka 1936 deni likalipwa. Duara la wasomaji liko hai hata leo.

Niruke sasa miaka mingi, niingie katika zama za kompyuta, kwa maana mambo yaliyotokea huko yanafanana na haya kuliko nilivyotarajia. Katika miaka ya 1990 vyuo vikuu vilianza kuweka masomo kwenye intaneti. Moja ya programu za kwanza, WebCT, ilizaliwa ndani ya chuo kikuu, kule British Columbia nchini Kanada, kisha ikawa mali ya kampuni, na mwaka 2006 kampuni hiyo ikanunuliwa na mshindani wake, Blackboard. Vyuo vilivyokuwa vimejenga masomo yao yote ndani ya WebCT vilijikuta vikiwa wateja wa mtu ambaye havikumchagua. Mwaka huohuo Blackboard iliishtaki kampuni ndogo ya Kanada, Desire2Learn, ikidai kuwa ndiyo yenye hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, juu ya mambo ambayo walimu wengi waliyaona kuwa ya kawaida kabisa. Hapo chama cha wanachama kilisimama. Educause, inayounganisha vyuo katika mambo ya teknolojia, iliiandikia kampuni hiyo barua ya kuilalamikia, ingawa kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa wadhamini na washiriki wake. Mwaka 2007 Blackboard iliahidi kutowashambulia wanaotengeneza programu huria, na mwaka 2009 mahakama ya rufaa ikayatupa madai yaliyokuwa yamebaki.

Miongoni mwa waliokuwa wakiitumia WebCT alikuwa Martin Dougiamas, mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Curtin huko Perth, Australia. Utoto wake nitausimulia kwa sababu utawafurahisha wazee wenu. Alikulia jangwani, mbali na shule yoyote, na masomo yake ya kwanza aliyapata kwa redio ya masafa marefu, ile tuliyoiita foni, ambayo misioni zetu zilitumia kupashana habari. Vitabu na vifaa vilifika kwa ndege. Mtu huyo alipokuwa mkubwa aliandika programu yake mwenyewe ya kufundishia, akaitoa bure kwa ulimwengu mwezi wa nane mwaka 2002, akaiita Moodle. Mtu yeyote anaweza kuichukua, kuiweka kwenye kompyuta yake na kuibadilisha. Wapo wafanyabiashara wanaoishi kwa kuihudumia, kuitengeneza inapoharibika na kuwafundisha watumiaji, na wengine kati yao hutoa sehemu ya mapato yao ili programu iendelee kukua. Lakini usipopendezwa na huyu unamwacha na kwenda kwa yule, na masomo yako unaondoka nayo. Nani asiyeona tofauti? Si kweli, hata hivyo, kwamba kitu cha bure hakina gharama. Kinahitaji mtu mwenye ujuzi wa kukitunza, umeme, na mahali pa kukiweka. Chama kisicho na mtu wa namna hiyo kitalazimika kumlipa mtu, na hilo si aibu.

Mfano mwingine ni wa juzi tu. Mwaka 2012 vyuo vikuu viwili vya Marekani, Harvard na MIT, viliahidi kila kimoja dola milioni 30 kuanzisha edX, shirika lisilo la faida la kufundisha kwa intaneti. Vyuo vingine vilijiunga kama wanachama, vikatoa masomo na walimu wao kwa sababu waliamini kwamba nyumba hiyo ni ya wote. Mwezi wa sita mwaka 2021 ilitangazwa kwamba edX inauzwa kwa kampuni ya biashara iitwayo 2U kwa dola milioni 800. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa saba mwaka 2024, kampuni hiyo iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Masomo hayakuzimika, na fedha za mauzo zilibaki kwa shirika lisilo la faida, sitii chumvi. Lakini walimu waliokuwa wametoa kazi yao kwa moyo wa kuchangia walijikuta wameichangia kampuni.

Karibu zaidi na sisi uko mradi ulioanzishwa na Wajesuiti mwaka 2010 wa kuwapelekea wakimbizi masomo ya chuo kikuu kwa intaneti, katika kambi ya Kakuma nchini Kenya na ya Dzaleka nchini Malawi, ambamo ndugu zetu Wakongomani ni wengi. Diploma ilitoka Chuo Kikuu cha Regis, mjini Denver. Mwalimu alikuwa Marekani, lakini kambini kulikuwa na chumba chenye kompyuta, na wasaidizi wa hapohapo waliokaa pamoja na wanafunzi. Ni sebule ileile ya mwaka 1878 katika sura nyingine. Ninyi mnaonunua mega kwa shida na kusoma chini ya mti ulio karibu na mnara wa simu mnajua kwa nini chumba cha pamoja kina faida kuliko simu kumi zilizotawanyika.

Baada ya kuyapitia hayo niliurudia mkataba wetu. Bei yake si mbaya. Masomo yanayopendekezwa yameandaliwa kwa uangalifu, na vijana walioyaonyesha walijibu maswali yetu kwa adabu. Mambo mawili yamenizuia. Kifungu cha 7 kinasema kwamba majina, namba za simu na matokeo ya wanafunzi vitahifadhiwa na mtoa huduma, wala hakisemi jinsi tutakavyovipata siku tukiachana. Kifungu cha 9 kinasema kwamba mkataba utajiongeza wenyewe kila mwaka tusipoandika barua siku 90 kabla. Niliposoma hicho cha 9 niliona hema la kahawia na watu wakitafuta kalamu ya kutia sahihi.

Nimeiandikia kamati kwamba tukubali kununua kwao huduma ya mitambo, kwa mwaka mmoja, lakini masomo tuyaandike sisi, vyeti tutie sahihi sisi, na nakala ya daftari ije kwa katibu wetu kila mwisho wa mwezi, katika faili linalofunguka kwenye kompyuta yoyote. Nimependekeza pia kwamba hakuna atakayeandikishwa peke yake: kila parokia ilete watu wasiopungua watano, wenye siku yao ya kukutana na mtu wao wa kuandika mahudhurio. Wenzangu wawili wanaona kwamba nachelewesha mambo na kwamba kampuni haitakubali. Huenda wana haki. Kikao ni Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi, na kila kikundi cha vijana kina haki ya kutuma mjumbe mmoja. Mkataba uko ofisini mwa katibu. Anayetaka kuusoma kabla ya kikao apite siku yoyote ya kazi.